Taa Nilizozitia Giza na Msimamizi Anayeitwa Mlevi

Shangazi Persida mpendwa, naomba unisaidie, na naomba sana usiikate barua hii nusu kama ulivyoikata ya yule mama wa kondoo juma lililopita, kwa sababu ukiikata nitaonekana mbaya kuliko nilivyo, na nilivyo tayari inatosha. Naitwa Strahinja, na jina unaweza kuliacha tu, maana hapa Brezovac watanijua kwa gari hata ukilificha. Kazi yangu ni kusambaza chakula cha mifugo milimani, nilioa mwezi wa kumi uliopita, mke wangu ni Dunja, na tuna mtoto wa kike ambaye kwa hesabu za mabibi wa pande zote mbili alifanya haraka kidogo kuja, lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Linaloninyima usingizi ni taa za nyuma za gari langu.

Nina Golf ya zamani aliyoniachia marehemu babu, na naipenda mpaka Dunja husema yeye angezaliwa na magurudumu manne ningemposa mapema zaidi, sasa harusi ilipokaribia nikajiambia kwamba gari linalotangulia msafara na bendera ya harusi dirishani haliwezi kuwa na taa nyekundu kama za gari la mtu yeyote, nataka nyeusi, kama zile za vijana wa mjini Valjevo, nyuma yote iwe kitu kimoja kinachong'aa. Basi nikazifungua taa zote mbili nikazipeleka kwenye jiko la uani, nikazisugua kwa msasa laini na maji mpaka zikafifia, kisha nikahitaji spiriti ya kutolea mafuta, lakini ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, na mlangoni mwa ghala kulikuwa na pipa la rakia, ile pombe kali ya plamu, ambayo Baba aliiweka siku niliyozaliwa ili inywewe siku nitakayooa. Najua, Shangazi. Nilichukua glasi moja tu, nusu nikamimina kwenye kitambaa, na ile nusu nyingine nisingeweza kuirudisha pipani, si ustaarabu.

Halafu nikapuliza ile rangi ya kopo. Mkono wa kwanza ulitoka kama chai nyepesi, wa pili kama chai ya rangi, na kopo lenyewe limeandikwa kwamba hapo uache, lakini nilikuwa nimezitundika kwenye kile kibanda chetu cha kukaushia plamu, ambako bibi yangu Stamena alikuwa na trei zake zote motoni, kwa kuwa mle mna joto la kutosha na hakuna vumbi, na kila nikichungulia naona taa bado nyekundu tupu, kumbe ni moto wa tanuri ndio unawaka nyuma yake na kuzipenya, nami nikaona rangi haijakolea, nikaongeza, nikaja tena nikaongeza, nikaongeza na tena. Nilipozitoa nje juani zilikuwa nyeusi, zinang'aa, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Bibi alisema tu kwamba plamu za mwaka huu zinanuka duka la rangi.

Sasa msimamizi wetu ni Vukota. Familia yake ndiyo imekuwa ikitusimamia ndoa na kutubatizia watoto tangu babu wa babu yangu, na hatujawahi kubadilisha, wala wao hawajawahi kukataa. Vukota anaendesha basi la shule, na ni mtu ambaye pombe haigusi mpaka sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, na hata siku hiyo anakunywa kwa kununa. Siku ya harusi, kwa wazazi wa Dunja walimlazimisha glasi, nami nikamwona kwa macho yangu akiimwaga kwenye chungu cha maua.

Tulikwenda kumchukua bibi harusi kwa barabara kuu ya bondeni, na kama desturi ilivyo, msafara wa harusi haurudi kwa njia uliyojia, kwa hiyo kurudi ilibidi tupande mlima Orlovac, na njia ile hakuna aliyeijua ila mimi kwa sababu ya mifuko yangu ya chakula cha ng'ombe. Nikawaambia wote, kila mtu amfuate Vukota na Vukota anifuate mimi. Tukapanda, ukungu ukashuka, nikawa naimba, Dunja pembeni yangu, binamu yangu Mihailo kiti cha nyuma ameitoa bendera dirishani, na kwenye njia panda ya kiwanda cha mbao nikapunguza mwendo, nikawasha indiketa, nikakata kushoto.

Vukota hakuona breki wala indiketa, Shangazi. Aliona ukungu tu. Mara mbele yake, kwenye ile njia ya kulia, likajitokeza lori la plamu lenye taa mbili nyekundu kubwa, akamshukuru Mungu, akalifuata, na harusi nzima ikamfuata yeye, honi zinalia, mjomba ananing'inia dirishani na chupa, mpaka ndani ya ua wa mzee Krsman anayechemsha rakia peke yake kule juu. Krsman hajawahi kuoa. Alipoona magari yaliyopambwa yanaingia kwake mfululizo na bendi ya tarumbeta inashuka ikipiga, alifanya ishara ya msalaba, akavua aproni, akauliza bibi harusi yuko gari gani.

Sisi watatu tulifika kanisani. Padri akatazama nyuma yetu akauliza wengine wako wapi, Dunja akamjibu wako nyuma tu, na tukasimama pale kwenye baridi mpaka midomo ya Dunja ikabadilika rangi, maana bila msimamizi hakuna ndoa na mlimani simu haishiki. Walipofika, bendi ilikuwa imechangamka kupita kiasi, wajomba wananukia rakia ya Krsman, na Vukota peke yake ndiye mkavu, uso umemsawajika. Tukafunga ndoa. Ingeishia hapo tungecheka mpaka kesho.

Lakini ukumbini Baba alishika maikrofoni. Unamjua Milojko baba yangu, akishika maikrofoni hata umeme ukikatika anaendelea. Akasema msimamizi wetu ametutangulia kwenda kuonja kama rakia imeiva, watu wakavunjika mbavu, na Vukota akasimama pale mezani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Milojko, mimi sikuziona taa za mwanao."

"Hata mimi," Baba akamjibu, "nikishapiga tatu hivi simwoni hata mke wangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vukota akanigeukia mimi. Alinitazama, akingoja. Nami nikaangalia sahani yangu, nikaanza kukata nyama iliyokwisha katwa.

Siku ile niliamini kweli kwamba ni ukungu, naapa. Lakini wiki chache baadaye nilikwenda kumchukua Dunja kwa mama yake jioni, akatoka getini, nikasogea kidogo mbele ili kumpisha mbwa, nikasimama, naye akaja mpaka dirishani kwangu amekunja uso.

"Strahinja, umekanyaga breki?"

"Nimekanyaga."

"Kanyaga tena."

Nikakanyaga. Akaenda nyuma, akarudi, akaingia garini na kufunga mkanda. Tulipofika nyumbani akasema neno moja tu, kwamba Vukota alisema kweli, na hapo nikajua ni taa zangu.

Tangu hapo kijiji kimemgeuza Vukota kuwa kichekesho, wanamwita Vukota wa Plamu, na ningeweza kuvumilia, nisamehe, lakini maneno yamefika kwa wazazi wa wanafunzi, na wazazi wakaenda kwa mwenye mabasi, na sasa kila asubuhi Vukota anapuliza kile kipimo cha pombe kabla hajawasha injini, watoto wakiwa wamejipanga wanamtazama. Kila asubuhi kinaonyesha sifuri. Kila asubuhi anapuliza tena. Na Baba alipokwenda kumwita kwenye ubatizo wa mtoto wetu utakaokuwa baada ya Pasaka, Vukota alimkaribisha kahawa vizuri, akamwambia, "Mwambie Strahinja atafute msimamizi anayeona," na hapo ndipo bibi Stamena alipolala kitandani akasema hainuki mpaka familia irudi kuwa familia, ingawa kula anakula.

Dunja amesema nimwambie Vukota mwenyewe, ama sivyo atasema yeye kanisani mbele ya maji ya ubatizo. Mimi naogopa, Shangazi, naogopa Baba, naogopa kuchekwa kuliko alivyochekwa yeye, na zaidi naogopa kwamba Vukota akijua nilijua tangu Novemba hatanisamehe kabisa, na mtoto wangu atabatizwa na mtu wa kuokota. Kwa hiyo nauliza, je, naweza kuzitoa hizi taa kimyakimya, nikafunga nyekundu, nikamwita Vukota kwa upole kama vile hakuna kilichotokea, muda upite, asahau? Na ukiona ni lazima zitoke, je, kuna namna ya kuacha weusi kidogo pembeni tu, maana pembeni zimetoka vizuri mno?

Strahinja, Brezovac.

Strahinja mwanangu,

Sijakata hata neno. Hongera ya mtoto, na mabibi wenye hesabu waambie wakahesabu kuku.

Nimeicheka barua yako. Nilipofika pale Krsman anapovua aproni ilibidi nisimame nikazunguke meza, na Krsman huyo kama anasoma hapa, ajue namwonea huruma kwa dhati na kwamba ninao majirani wawili wajane. Lakini nilipofika kwenye mtu mzima anayepulizishwa kipimo mbele ya watoto, niliweka miwani mezani, na tangu hapo sikucheka tena.

Hebu tuanze na taa, kwa kuwa ndizo unazozipenda. Kijana kutaka gari lake lipendeze siku ya harusi si kosa. Marehemu mume wangu alichora miali ya moto kwenye trekta, akalimia nayo viazi miaka yote, sikumsema. Lakini mume wangu alichora ubavuni. Wewe umepaka mahali ambapo si pako. Fikiria kidogo: kila kitu kwenye lile gari kimewekwa kwa ajili yako, kiti, usukani, redio, hita, hata taa za mbele zinakumulikia wewe. Zile mbili za nyuma tu ndizo zisizokuwa zako. Ni za anayekufuata, na siku ile aliyekufuata alikuwa Vukota, na nyuma yake ukoo wako wote, mlimani, kwenye ukungu. Mshukuru Mungu lile lori lilikuwa linakwenda kwa Krsman. Lingeweza kuwa linakwenda pabaya, nawe leo usingeniandikia habari za pembeni zimetoka vizuri.

Na kwamba rangi uliipima kwa moto wa tanuri la plamu, hilo sikulaumu, nimelicheka tu. Ila kopo lilikuambia uache, na lenyewe lilikuwa na akili kuliko mwenye nalo.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana unalizunguka barua nzima. Kosa si rangi. Kosa ni ile sahani. Mtu ambaye ukoo wake umewashika mkono tangu babu wa babu yako alisimama mbele ya ukumbi, akasema kweli, akakugeukia wewe peke yako umsaidie, na wewe ukakata nyama. Unasema ulidhani ni ukungu. Sawa, siku ile nakupa. Novemba sikupi. Umelala na jambo hilo majira yote ya baridi, yeye akiamka kila asubuhi kwenda kupuliza.

Unaniuliza kama uzitoe kimyakimya. Usithubutu. Sikiliza vizuri: hizo taa ndizo shahidi pekee aliyebaki wa Vukota. Ukizisugua gizani na kufunga nyekundu, utakuwa umemfutia hata ushahidi wake, na atakufa akiitwa Vukota wa Plamu. Ziache kama zilivyo mpaka nitakapokwambia. Na gari lisitoke uani. Chakula cha ng'ombe utakipeleka kwa gari la baba yako, ukikosa beba begani, ng'ombe wa Orlovac watakungoja.

Baba yako Milojko namjua, nimecheza naye ngoma ya duara kwenye harusi tatu na zote tatu nilikanyagwa. Mwambie kila kitu kwa mara moja, taa na ile glasi ya rakia pamoja, ili akasirike mara moja tu. Usimwache agundue rakia baadaye, kwa wanaume wa umri ule hiyo ni kesi nyingine. Kisha mwombe ile maikrofoni, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha kicheko na yeye ndiye atakayekimaliza.

Jumapili baada ya ibada ya jioni watu wasiondoke. Gari lako, lisukumwe kwa mikono, liwekwe mwisho wa uwanja wa kanisa, nyuma yake ikitazama geti. Kwenye usukani akae Dunja, ambaye namsalimu sana, na ambaye kama ungemsikiliza pale getini kwa mama yake mimi leo ningekuwa najibu barua ya mtu mwingine. Milojko asimame getini na maikrofoni, na wote waliocheka ukumbini wasimame pamoja naye, na mwenye mabasi umwalike wewe mwenyewe, uende mpaka ofisini kwake, usimtume mtu. Dunja akanyage breki, aachie, akanyage tena, na baba yako atangaze kila anapoona taa inawaka. Nadhani atanyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza. Kimya hicho ndicho anachowadai Vukota, na mkishakisikia wote, ndipo useme mbele yao kwamba rangi uliipaka wewe, na kwamba ulijua.

Ndiyo, watakucheka. Watakuita jina, na likikupata zuri litakaa mpaka mjukuu wako. Vumilia. Utaona linavyokuwa jepesi jina ulilostahili.

Hapo sasa zitoe, papo hapo, usirudi nazo nyumbani. Ukanunue nyekundu kwa wauza spea za mtumba, kwa Golf ya zamani ziko tele. Usihangaike kusugua zile za kwanza, plastiki itabaki na ukungu wake na kwenye ukaguzi hazipiti. Na kuhusu pembeni: hapana. Wala karatasi nyeusi ya kubandika, wala mkono mmoja mwepesi, maana barua ya pili ya kuniuliza hayo naiona inakuja.

Bibi Stamena mpelekee chakula kitandani na usimbembeleze.

Lakini hayo yote ni ya Jumapili, na hakuna hata moja litakalofaa kama utaliruka la kesho. Kesho unakwenda kwa Vukota. Uwanjani bila ridhaa yake itakuwa ni kumchezesha tena mbele za watu, na amechezeshwa vya kutosha. Nenda mchana, akishawashusha watoto wa zamu ya kwanza. Usimchukue Dunja wala mtoto, usijifiche nyuma ya kichanga. Usibebe chupa, kwa mtu huyu sasa chupa ni tusi. Beba mkate wa sherehe alioukanda mama yako, kama mtu anavyokwenda kumwita msimamizi.

Akifungua mlango usianze na ukungu, wala na lori, wala na jinsi ulivyoteseka. Sema hivi: "Msimamizi, hukupotea. Ni mimi niliyekuficha njia, na nimelijua hilo tangu Novemba, na nilikuacha uchekwe." Halafu ufunge mdomo. Huenda akakufungia mlango. Kaa kwenye ngazi. Huenda akatoka akakutukana. Sikiliza mpaka mwisho, na usikatize hata akikosea. Na akikuuliza kwa nini ulikuja leo na si Novemba, usiseme mshauri wa gazeti amenituma. Mwambie uliogopa. Hilo ni kweli, na Vukota ni mtu ambaye amengoja kweli kwa muda mrefu.

Usimwombe abatize. Mkate utakuwa mikononi mwako, anajua maana yake. Akiupokea, mtoto wako ana baba wa ubatizo. Asipoupokea, utarudi kesho kutwa na mwingine, na siku inayofuata na mwingine, mpaka unga uishe Brezovac.

Na uende kwa miguu.

Shangazi Persida